Kelele za Ukingoni

Rosebella aliishika kamba ya boti ya mpira kwa mikono yote miwili, akakataa kuiachilia. Wageni wanne walikuwa wameshaketi, maboya mekundu yamefungwa vifuani, wakimtazama kwa tabasamu kana kwamba naye ni sehemu ya safari.

"Protus mwanangu, kesho tunamzika mume wangu, baba yake Sammy. Mruhusu Sammy aje amwage udongo tu. Akimaliza, arudi huko Chekalini jioni hiyo hiyo."

"Mama, achilia kamba."

"Wazee wamesema neno ni lako. Ukikubali, hakuna mtu atamgusa."

Hilo lilikuwa kweli. Neno lilikuwa lake, na ukweli usemwe, Protus alilionea fahari kidogo. Mwaka uliotangulia, tisini na tano, mdogo wake Osiako aliteremka kuoga Mto Isiukhu pamoja na Sammy. Walikwenda wawili, akarudi mmoja. Mto ulipekuliwa siku nne na mwili haukuonekana, basi familia ikazika mgomba, kama ilivyo ada. Ulikatwa kwa kimo cha Osiako, ukavikwa shati lake la Jumapili, ukaliliwa kama mtu. Mama yake Protus aliukumbatia mpaka utomvu ukamchafua kifua. Mtu aliyemwona mama yake akikumbatia mgomba hasamehi kwa urahisi.

"Sammy alisema alipiga kelele," Rosebella alisema.

"Nani alimsikia? Mimi mwenyewe nilikuwa huku mtoni jioni hiyo na wageni. Nilipita pale pale! Kama kungekuwa na mtu analilia usaidizi, ningekosa kusikia? Ndugu yangu wa tumbo moja?" Alimbandua vidole kwenye kamba, kimoja baada ya kingine. "Alimwacha afe, akanyamaza. Sasa baba yake azikwe bila yeye. Enda umwambie hivyo."

Rosebella alibaki ukingoni, mikono kichwani.

Boti ikashika mkondo. Protus alikaa nyuma na kasia lake, na mara sauti yake ikawa laini, maana kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Jua la alasiri lilikuwa limeanza kulalia upande wa mashamba ya miwa, saa ambayo wanyama hushuka. Aliwaonyesha mbega wakirukaruka huku mikia myeupe ikiwafuata. Aliwaonyesha kenge aliyelala juu ya jiwe, na hondohondo wawili waliokuwa wakizozana kama mke na mume.

"Huku sheria ni moja tu," aliwaambia. "Kimya."

Lakini kimya cha mto ule kilikuwa cha kubembeleza. Watu wa ukingoni wakiona mzungu hawajiwezi. Wafuaji nguo, wakata miwa waliokuja kunawa masizi, wazima na akili zao, wote hupaza sauti na kurusha mikono, na wengine huingia majini kabisa wapate kuonekana vizuri. Protus alikuwa amewazoea. Huwa anainua mkono juu ya bega, bila hata kugeuka, kuwaambia wanyamaze. Wageni hucheka, ndege hubaki mtini. Leo aliuinua mara tatu kabla ya kufika kwenye kona.

Wakafika kwenye kona, chini ya mkuyu mkubwa. Hapa ndipo Osiako alipopotelea. Aliikumbuka siku ya mazishi, wazee wakimbana Sammy: kama ulipiga kelele, nani alikusikia? Sammy alimtazama Protus. Akamtazama mama yake Protus, aliyekuwa ameketi chini kando ya mgomba. Kisha akainamisha kichwa, asiseme tena neno. Watu wote walijua maana ya kichwa kilichoinama. Wiki hiyo hiyo nyumba yake ilibomolewa, akakimbilia Chekalini kulima mahindi ya watu.

"Ni hapa!" alinong'ona mama mmoja wa Kiholanzi aliyekaa mbele. Aliwahi kufundisha shule ya Mukumu, na Kiswahili chake kiliwashinda wenyeji wengi. "Mwaka jana ulituonyesha yule ndege mkubwa wa buluu, mwenye kishungi. Unakumbuka? Nilikaa hapa hapa mbele."

Protus alisema anakumbuka. Wageni walikuwa wengi mno, lakini mgeni haambiwi amesahauliwa.

"Nimekuletea zawadi." Alifungua mkoba, akatoa bahasha. "Niligeuka kumpiga picha ndege, nikachelewa, akaruka. Kwa hiyo nilikupata wewe tu. Filamu niliisafishia kwetu, na nikasema lazima nikupe mwenyewe, mkono kwa mkono. Umetoka vizuri sana!"

Protus alicheka, akaweka kasia magotini. Alikuwa hajawahi kupewa picha yake na mgeni. Aliipokea ikiwa imegeuzwa, akaona tarehe iliyoandikwa nyuma kwa wino. Ilikuwa tarehe ile ile iliyo kwenye msalaba wa Osiako.

Akaigeuza.

Ndani ya picha alikuwa yeye, uso juu, akitabasamu kwa ndege aliyekwisha kuruka. Nyuma yake, ng'ambo, Sammy alikuwa amesimama majini hadi kifuani, mdomo wazi, kidole chake kikionyesha povu katikati ya mto. Na baina yao, kitu kilichotoka vizuri kuliko vyote pichani, ulikuwa mkono wa Protus, umeinuliwa juu ya bega, unamwambia anyamaze.