Mkaguzi wa Miaka Minane

Kila anayefikisha miaka hamsini huletewa utoto wake nyumbani, siku moja kwa mwaka, uje umkague. Wangu uligonga mlango saa tatu asubuhi: kasichana ka miaka minane, magoti yana vumbi, afisa kasimama nyuma yake.

"Shikamoo, mimi," kalisema.

"Marahaba, mimi. Karibu ndani."

Safari hii nilijiandaa: visheti, barafu za ukwaju, kochi jipya. Kakala visheti na barafu zote, kakafuta mikono kwenye kochi, kisha kakauliza, "Mti wa kupanda uko wapi? Tulikubaliana tutakuwa na mti."

"Tunaishi ghorofa ya tisa."

Basi tukacheza kombolela. Niliegemea ukuta, nikafunika macho, nikahesabu hadi ishirini, halafu nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la vyombo nikakatoa.

"Umechungulia!"

"Sijachungulia."

"Hidaya, mimi ndiye wewe. Siku zote tunachungulia. Nilidhani tukikua tutaacha."

Jioni afisa alirudi na fomu yake. "Mtoto, unakubali kukua uwe huyu mama?"

Kakanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Naomba nifikirie mpaka mwakani."

Afisa aliandika, kisha akaninong'oneza, "Bi Hidaya, huu ni mwaka wa tatu anafikiria. Sheria inaruhusu minne tu."

Walipoondoka nikaegemea ukuta, nikafumba macho, nikaanza kufanya mazoezi ya kuhesabu. Nilipofika kumi na saba, jicho moja likafumbuka lenyewe.