Kengele ya Aiuba

"Ipo!"

"Haipo!"

"Nakwambia ipo, Amélia. Alfajiri inapita, alasiri inarudi. Mbili, halafu moja. Kring-kring... kring."

"Na mimi nakwambia haipo. Masikio yako hayo, dada. Mtu akikaa ndani miezi minne, hata panya akipiga chafya atasema ni baragumu."

Walikuwa wakigombana juu ya ua wa makuti kama kila jioni, vichwa viwili vimechomoza kama majogoo. Sumaia alikuwa kwenye eda ya mumewe, Aiuba: miezi minne na siku kumi hatoki uani, haonani na mwanamume asiye ndugu. Siku ya kumi, ya mwisho, ilikuwa leo.

"Wewe si ndiye unayesikia nani kalala kwa nani?" Sumaia akamchoma. "Umbea wote wa mtaa unaudaka, kengele tu ndiyo inakupita?"

"Naenda kuosha vyombo kambini alfajiri hiyo hiyo, kwa njia hiyo hiyo. Ingekuwepo ningeisikia." Amélia akasonya, akaikunja kapulana, kitenge chake cha kiunoni. Pindo lilikuwa na weusi mzito.

"Hiyo nini?"

"Masizi ya sufuria," alijibu upesi, akaingia ndani akichechemea.

Kengele ya Aiuba mtaa mzima waliijua. Kampuni inayojenga kambi nje ya mji wa Palma, huku Msumbiji, ilipochoshwa na mabasi yake kukwama matopeni, iliwagawia wafanyakazi baiskeli na kutangaza: atakayefika kazini kwa baiskeli siku ishirini za mwezi, ataletewa kapu mpaka nyumbani. Mchele, mafuta, sukari, sabuni. Wengine baiskeli waliziuza kivukoni Namoto hata wiki haijaisha. Aiuba hakukosa siku. Na akirudi, akifika kona ya mkorosho, alikuwa akigonga kengele mara mbili, halafu moja. Mbili ni "nimefika". Moja ni "pakua".

Kisha akavuka mto Rovuma kwenda kumzika shangazi yake, na mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliokotwa. Yeye hapana, wala baiskeli yake. Shehe akasema, binti, kaa eda.

Mwisho wa mwezi, kapu likaja.

"Mmekosea," Sumaia alimwambia Leonel, dereva wa kampuni, kutoka nyuma ya pazia. "Mwenyewe amekufa."

Karatasi ikachakarika. Leonel alikuwa akiisoma mara ya pili.

"Mama, hapa pameandikwa Aiuba kafika siku ishirini na mbili."

Akalitua kapu mlangoni, akaenda zake bila kuaga. Likaja la pili, na la tatu, na la nne. Mtaa ukapata la kusema, na watu wakaanza kuzunguka mbali wasipite kwenye mkorosho.

Sumaia hakuogopa, na shida ilikuwa hiyo. Kaka yake Faquir alikuwa njiani kuja kumchukua, wavuke kwenda Mtwara aanze maisha mengine. Lakini mke gani anahama nyumba wakati mumewe bado anarudi kutoka kazini?

Kesho yake alioga, akavaa nguo aliyopenda Aiuba, akapika wali wa nazi na samaki. Ilipofika alasiri akatoka nje kwa mara ya kwanza, akasimama kwenye lango la ua, macho kwenye kona. Njia ilikuwa tupu. Hata mbuzi hawakuwepo.

Kengele ikalia. Mbili, halafu moja.

Baiskeli ikatokea. Juu yake fulana ile ya njano ya kampuni, na kofia ngumu imeshushwa mpaka machoni.

"Aiuba!"

Baiskeli ikayumba, ikaanguka. Kofia ikabingirika mpaka miguuni kwa Sumaia. Aliyekaa mchangani, ameshika goti, alikuwa Amélia.

Amélia akapangusa mchanga gotini.

"Kaka yangu Cândido aliikuta baiskeli hii ukingoni Namoto," akasema. "Haikupanda mtumbwi. Akaniletea mimi, kwa kuwa wewe uko eda. Dada, ile mashine ya getini inasoma namba chini ya kiti, haisomi mtu. Na ofisi ya baiskeli na ofisi ya watu hazisalimiani. Nikasema, huyu mjane atakula nini? Na ungejua, ungekataa."

Sumaia alihisi kitu kikizimika ndani yake, taratibu, kama jiko lililoishiwa kuni. Kumbe miezi yote hiyo hakuna aliyekuwa akirudi. Basi Faquir aje tu.

"Na kengele?" Sumaia akafoka. "Unaigonga mwenyewe, halafu unaniita mwehu!"

Amélia akaunyanyua usukani, akamgeuzia. Pale penye kengele palikuwa na alama ya kutu tu.

"Niliing'oa siku ile ile aliyoileta Cândido, isije ikakutonesha. Iko kwangu, ndani ya kopo la chumvi. Kwani leo umeisikia?"

 Sumaia alikuwa akitazama nyuma ya Amélia, pale konani, kwenye mkorosho. Akajifunga vizuri kanga yake, haraka haraka, kama mke aliyechelewa kupakua.

"Karibuni," alisema. "Karibuni nyote wawili, tule."