Mguu wa Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hajagusa kazi ya mteja, Makame alichora mguu uleule: wa kushoto, mpana, usio na kidole kidogo. Asipouchora, hakuweza kuchora kitu kingine kutwa nzima. Miaka thelathini sasa, kuta za chumba chake cha kazi zilikuwa zimejaa miguu, toka sakafuni hadi darini.

Siku hiyo aliingia mzee mmoja wa kanzu nyeupe, mpole wa sauti, anataka picha ya kuwaachia wajukuu. Alivua viatu mlangoni, akakanyaga mkeka.

"Karibu, mzee wangu. Kaa hapo penye mwanga," Makame alisema huku amempa mgongo, anakoroga rangi.

Mzee hakukaa. Alikuwa anatazama kuta.

"Fundi, mguu huu wa nani?"

"Laiti ningejua. Siku aliyochukuliwa baba, mama alinisukuma chini ya kitanda. Sura sikuiona. Niliona mguu huo tu. Mwenyewe alikuwa amevua viatu mlangoni, kistaarabu, kama mgeni. Baba hakurudi tena."

"Na ukiuona leo, utaujua?"

Makame akacheka kidogo. "Mzee, naujua kuliko wangu."

Kisha akasikia mlango ukirudishwa taratibu na komeo likiingia mahali pake.

Akageuka, macho chini. Pale mkekani, hatua moja tu kutoka kwake, mguu wa kushoto ulikuwa umesimama, vidole vinne vimemwelekea. Na Makame, mtu mzima mwenye mvi, akajikuta anatafuta kitanda.