Riziki Ndani ya Kibanda cha Simu

Kibanda chekundu cha simu kilishakatwa waya zamani, lakini kijiji kilikitunza kama kumbukumbu, kikikipaka rangi na kukifunga kwa kufuli. Siku hiyo mlinzi alifunga bila kuchungulia chini, akaenda na ufunguo msibani, kijiji cha pili. Ndani alikuwa amejificha mtoto mdogo, Riziki.

Mama yake alikuja mbio na mchi. Majirani wakaudaka.

"Mama Riziki, usivunje kioo. Kibanda hiki ni cha babu zetu."

"Na huyu aliyemo humu ni wa nani?"

Hawakuuachia mchi. Jua lilikuwa kali, na mama hakuelewa tena amsukume nani, amwombe nani.

Riziki, jasho likimtiririka, aliinua mkonga wa simu ile iliyokufa, akaongea, kisha akaubandika kwenye kioo ili mama apokee.