Zamu za Mabrouk

Bi Sichana alikataa katakata kuwa x ni kumi na nne.

"Ifute," alimwambia mwalimu. "Hiyo si yangu."

Alikuwa ametoka Jambiani alfajiri, akakaa dawati moja na mke mwenziwe, Bashira wa Kikwajuni, na hawakupeana hata mkono. Kila mmoja aliamini kuwa mwenziwe anamwibia zamu. Walikubaliana jambo moja tu: wapigiwe hesabu na mtu asiyewajua, na atakayeonekana kadhulumiwa aende kwa kadhi kudai talaka. Ndipo wakafika Mtoni, kwenye twisheni ya Mwalimu Tasneem, mwanamke mkavu asiyependelea mtu.

Mwalimu aliuliza jina la mume. Mabrouk Usi, wa gari za watalii. Akaokota chaki, akaanza.

Siku za Jambiani akaziita x, za Kikwajuni akaziita y. Mwezi wa Rajabu ulitimia siku thelathini, kwa hiyo x + y = 30. Tena Mabrouk, ambaye hudanganya kama watu wengine lakini si akishika msahafu, alikwisha kuapa kwamba kwa Bashira alizidisha siku mbili. Basi y = x + 2. Jibu likaja lenyewe: kumi na nne kwa kumi na sita.

"Mie n'na kumi na moja," alisema Bi Sichana, akatoa kalenda yenye alama za kalamu nyekundu. "Basi kumi na tisa kala huyu."

"Kumi na tatu," alisema Bashira, akionesha simu. "Nnaandika kila asubuhi."

Mwalimu alizitazama zote mbili, kalenda na simu, kama anayesahihisha madaftari.

"Kumi na moja ukiongeza mbili ni kumi na tatu. Mlinganyo wa pili ni sahihi. Kosa liko kwenye wa kwanza."

"Mwezi ulikuwa na siku thelathini, mwalimu," alisema Bashira.

"Naam. Lakini nani kakwambieni kuwa asipolala kwa huyu, yuko kwa huyu?"

Bi Sichana alihesabu kwa vidole, uchungu ukampanda, na kwa mara ya kwanza akamshika Bashira mkono.

"Zimebaki sita," alisema. "Ana mke wa tatu, na kampa siku sita."

"Nne," alisema Mwalimu Tasneem, akipangusa chaki vidoleni. "Mbili na mimi nnazitafuta."