Kifaa Kilichokaa Stoo

Kiwanda cha sukari kilipofunga mtungi mpya wa kuchemshia maji ya miwa, Bi Zamoyoni alialikwa kuuona, kwa kuwa mumewe, Kheri, alifariki pale pale mtungi wa zamani ulipopasuka.

Injinia Mlawa alimwonyesha kifaa kidogo kama kikombe cha kahawa. "Mama, mvuke ukizidi tu, hiki kinahisi na kufungua valvu chenyewe. Hakisubiri mtu."

Akaongeza mvuke. Valvu ikafunguka, mvuke ukatoka kwa mluzi mkali kwenye bomba la juu, kisha mtungi ukatulia. Waalikwa wakapiga makofi.

Bi Zamoyoni hakupiga. "Mwanangu, hiki kililetwa lini?"

Mlawa akainamisha kichwa. "Kabla ya msiba, mama. Kilikaa stoo miezi minne. Tulikuwa tunasubiri msimu wa miwa uishe, mitambo isimame, ndipo tukifunge."

Bi Zamoyoni akarudi nyuma hatua moja. Mlawa akamwahi, lakini yeye akauondoa mkono wa injinia taratibu, akashika chuma cha ngazi.

"Hebu kifanye tena," alisema.

Valvu ikafunguka. Bi Zamoyoni akautazama ule mvuke mweupe ukipanda, mpaka ulipotawanyika wote.

"Tena, mwanangu."