Damu Ileile, Msiba Uleule

Nuru alitema mate kwenye kichupa chake, akakifunga, kisha akamshikia Hadija cha kwake mdomoni. Alfajiri ile Hadija hata mkono ulikuwa hauinuki.

"Tema, dada. Daktari kasema kabla ya kupiga mswaki."

"Nitatema nini? Hata mate yenyewe yamechoka."

Wakacheka. Walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, wale ambao marehemu mama yao aliwavisha shanga mguuni asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Siku hizi kijiji kizima cha Mahurunga hakikuhitaji shanga kuwatofautisha. Nuru alipalilia mikorosho ya wote wawili, akachimba mihogo, akateka maji. Hadija akifagia uwanja leo, basi analala siku mbili, na akiamka kachoka kuliko alivyolala. Mwaka wa saba huo.

Watu walishasema yote. Wengine karogwa, wengine mvivu tu, kapata mtumishi wa bure. Hilo la uvivu ndilo lililomchoma Hadija, maana hata yeye alianza kuliamini. Msiba uliwapata wote wawili, mbona mwenzake anasimama?

Msiba wenyewe ni Shafii. Hadija ndiye aliyemzaa, lakini Nuru, ambaye hakujaliwa mtoto, alimlea naye bega kwa bega. Kijana alikula kwa huyu akalala kwa yule. Mwaka 1999 akamleta Rozalia, binti wa ng'ambo ya Ruvuma, akasema ndiye mke. Hadija akakataa katakata. "Akiingia huyo humu, wewe huna mama," alimwambia mwanawe, mchana kweupe, na Nuru akisikia. Wiki hiyohiyo Shafii akaaga kwamba anavuka mto, na mtumbwi wa siku ile ukapinduka. Miili mitatu iliokotwa. Wa kwake haukuonekana.

Nuru aligaragara chini hadi wanawake wanne wakamshika.

Mwaka ulipopita, Mwalimu Selemani wa msikitini alishauri isomwe hitima, mama naye apumue. Hadija alikuwa tayari. Nuru ndiye aliyegoma.

"Mwili hatujauona, dada. Tutamsomeaje hitima mtu ambaye pengine yu hai?"

Wala hakuishia kwenye maneno. Kila mwaka, korosho zikishauzwa, alifunga kifurushi cha zile alizozibangua mwenyewe, akavuka mto kwenda kumuulizia, akakaa huko wiki nzima. Kila akirudi alitikisa kichwa tu. Hadija alimpenda kwa hilo mpaka akatokwa machozi. Naye akabaki kungoja. Hodi ikipigwa, ni Shafii. Mtu akikohoa njiani, ni Shafii. Moyo haukukaa chini hata siku moja.

Vile vichupa vilikuwa vya Daktari Magreth, aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuwachunguza wanawake wenye uchovu usioisha. Aliposikia habari za mapacha alifurahi waziwazi. Akawatoa damu wote wawili, akawapa vichupa vya mate vya wiki nzima, akawauliza maswali kurasa sita. Baada ya miezi minne akawaita mjini. Nuru alimbeba Hadija mgongoni kutoka kwenye gari mpaka kwenye kiti cha daktari.

"Mama Shafii," daktari alianza, "wewe si mvivu."

Hadija akalia. Miaka yote alikuwa akilingoja neno hilo kutoka kwa watu wake, na sasa kalisema mgeni.

Daktari alimwacha alie kwanza, kisha akaeleza taratibu. Ugonjwa huu wenyewe bado haujajulikana wote, lakini kwa anavyoona yeye, vitu viwili vinakutana. Cha kwanza ni hitilafu ndogondogo ambazo mtu anazaliwa nazo kwenye vinasaba. Mwili ukishashtuka, unashindwa kutulia. Cha pili ni mzigo wa mawazo usioshuka, mwaka hadi mwaka. Kimoja kikikosekana, mara nyingi mtu hadhuriki.

"Wewe unavyo vyote viwili," alisema.

Hadija alipata hofu, si kwa ajili yake. Akaushika mkono wa Nuru.

"Na huyu mwenzangu? Hizo hitilafu anazo?"

"Anazo zote, kama zako." Daktari alifunua karatasi moja, akafunua ya pili. "Na hapo ndipo nilipokwama. Damu ileile, msiba uleule. Lakini mate huonyesha mwili una wasiwasi kiasi gani, na yake ya wiki nzima ni ya mtu aliyetulia. Na kwenye maswali amesema analala usiku kucha, hashtuki, wala kijana hamjii ndotoni." Akamgeukia Nuru kwa upole. "Mama, usinielewe vibaya, nauliza nijifunze. Huo mzigo uliutuaje? Tukijua, huenda tukamsaidia na mwenzako."

Nuru akautoa mkono wake kwenye mkono wa Hadija, akaanza kukunja ncha ya kanga.

Hadija alimtazama. Uso ule ulikuwa wa kwake pia, aliujua kuliko mtu yeyote duniani, na leo ndiyo mara ya kwanza anauona ukimkwepa. Saba, alikuwa akihesabu. Miaka saba, na huyu ndiye anayenilisha.

"Nuru," alisema. "Mwanangu yuko wapi?"

Daktari aliacha kuandika.

"Palma, ng'ambo ya mto, kwa Rozalia. Mtumbwi ule hakuupanda." Nuru alikuwa bado anaitazama kanga. "Wana mtoto wa kike. Wamempa jina la bibi yake. Anaitwa Nuru."